Maswali ya Wasomaji: Waya Unaobana, Tundu Linalong'oka

Nilinunua waya wa sauti wa RCA wenye vichwa vizito vya rangi ya dhahabu, wa kuunganisha mashine ya CD na amplifaya ya zamani. Kuuingiza ilibidi nisukume kwa nguvu, na nilipouvuta tundu la kushoto likalegea kama jino bovu. Sasa spika ya kushoto inasikika nikiinua waya kwa kidole tu. Mbovu ni waya au amplifaya? — Msomaji, Arusha

Waya na tundu havikulingana, na aliyeumia ni amplifaya. Kiungo cha RCA kilianza Marekani katika kampuni ya Radio Corporation of America, kwa ajili ya kuunganisha kinanda cha santuri na redio ndani ya kabati moja. Kazi yake ilikuwa kuchomekwa mara moja na kuachwa hapo. Pini ya katikati ina unene wa kama milimita 3.2, na pete ya nje ya tundu kama milimita 8.3, lakini kila kiwanda hupunguza au kuongeza kidogo. Sehemu moja ya kumi ya milimita inatosha kugeuza kichwa kinachokaa vizuri kuwa kichwa kinachong'ang'ania.

Fungua amplifaya nyingi za nyumbani utakuta matundu yote yamesimama juu ya bodi, kibao chenye mistari ya shaba inayopitisha umeme, kwa miguu midogo ya lehemu, na nyuma yameshikwa na skrubu moja au mbili tu. Ukivuta kichwa kinachobana, nguvu yote inaishia kwenye lehemu. Inapasuka ufa mwembamba kuzunguka mguu, kama duara jeusi. Ukiinua waya ufa unajifunga na sauti inarudi, ukiuachia unafunguka.

Ukarabati wenyewe ni mdogo, mradi ufanywe kwa mkono mtulivu. Chomoa waya wa umeme, kisha fundi apime kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuzima, kwa mita na kuhakikisha zimeisha chaji kabla hajagusa kitu. Lehemu ya zamani iondolewe kwanza. Kuongeza mpya juu ya iliyopasuka hakufai, maana uchafu unabaki ndani. Halafu flaksi kidogo (dawa ya kusaidia lehemu ishike), lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40), ncha ya pasi ya lehemu kwenye nyuzi joto 350 za Selsiasi hivi, na sekunde 3 tu kwa kila mguu. Zikizidi, plastiki inayoshika pini ya katikati inalainika, pini inahama, na hapo tundu ni la kubadilisha. Kama mstari wa shaba umebanduka kwenye bodi, uungwe kwa kipande cha waya mwembamba hadi sehemu inayofuata. Usikubali tundu limwagiwe gundi. Gundi haipitishi umeme, na itamzuia fundi atakayefuata.

Sasa turudi kwenye ule waya. Itazame pete ya nje ya kichwa. Ikiwa imechanwa mistari minne, ina majani yanayoweza kufunguliwa: ingiza bisibisi nyembamba kwenye kila mstari, sukuma kidogo sana, jaribu, rudia. Kichwa kilicholegea hutengenezwa kinyume chake, yaani majani yanabanwa kidogo kwa koleo. Kama pete ni ya chuma kizima isiyo na mistari na bado inabana, irudishe dukani, haina dawa. Vipo pia vichwa vyenye kola inayozungushwa ili kukaza. Hivyo lazima vilegezwe kabla ya kuvuta, na matundu mengi huvunjwa na mtu asiyejua kwamba kola ile inazunguka.

Kipimo chetu cha kununulia ni hiki: kichwa kilichochomekwa kibebe uzito wa waya wake bila kuchomoka, lakini kitoke kwa vidole viwili bila amplifaya kusogea mezani. Kabla ya kwenda dukani, pima kwa rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili. Ukipata milimita 14, kichwa chenye kiwiliwili cha milimita 15 hakiwezi kukaa kando ya mwenzake. Vitasukumana na kuyapinda matundu yote mawili. Kwa mashine unayochomoa mara kwa mara, weka kipande kifupi cha waya wa kurefusha, sentimita 20 hivi, kikae nyuma ya amplifaya moja kwa moja. Uchakavu wote utaishia kwenye kipande hicho, ambacho bei yake ni ndogo.

Na zima amplifaya kabla ya kuchomeka RCA, hata kama una haraka. Katika kiungo hiki pini ya katikati, inayobeba sauti, hugusa kabla ya pete ya nje, ambayo ni ya ardhi. Kwa kitambo hicho kifupi mvumo wa umeme unapita hadi kwenye spika, na sauti ikiwa juu koni ya spika, ile sehemu inayotetemeka, inaweza kuharibika.

Ninakaa karibu na bahari. Redio inakwaruza, upande mmoja unakatika. Nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye matundu. Kwa wiki moja ilikuwa nzuri, sasa ni mbaya kuliko mwanzo. — Msomaji, Mombasa

Mafuta yale yametengenezwa kwa ajili ya bolti. Yanaacha utando, utando unashika vumbi na chumvi ya upepo wa bahari, na uchafu huo ndio unaokwaruza sasa. Nunua isopropili, yaani alkoholi ya kusafishia, ya asilimia 90 au zaidi; mafundi wa simu wanayo. Zima na uchomoe umeme. Futa pete za nje kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa. Ndani ya tundu pamba haifiki vizuri, kwa hiyo lowesha pini ya kichwa cha waya, ingiza na utoe mara tano au sita, ukiifuta kila mara. Subiri dakika 15 zikauke. Usitumie tina ya kuchanganyia rangi, inayeyusha plastiki. Msasa nao hapana: tabaka la dhahabu ni jembamba mno, na likishakwanguliwa, chuma cha chini kinaanza kuliwa na chumvi.

Pwani, dhahabu ina maana yake hasa, kwa kuwa haishiki kutu. Haiongezi utamu wa sauti, ila inauhifadhi mgusano. Matundu usiyoyatumia yafunike kwa vifuniko vya plastiki, na yale yanayotumika yachomoe na kuyarudisha mara moja kila baada ya miezi michache ili uso wa mgusano ujisugue.

Spika ziko mita 8 kutoka kwenye amplifaya. Muuzaji ananishauri waya wa 4 mm², lakini tundu za amplifaya ni zile za kubonyeza na waya huo hauingii. Nipunguze nyuzi? — Msomaji, Dodoma

Usikate nyuzi hata moja. Ukikata, mwishoni unakuwa na waya mwembamba uliolipia bei ya mnene, na vipande vilivyobaki nje vinaweza kugusana na kuunguza amplifaya.

Hesabu ni rahisi. Shaba ina ukinzani, yaani kiasi inachozuia umeme, wa ohmu 0.0172 kwa mita moja ya waya wa 1 mm², na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita zako 8 ni 16. Waya wa 0.75 mm² unakupa ohmu 0.37, wa 1.5 unakupa 0.18, wa 2.5 ni 0.11, wa 4 ni 0.07. Kanuni inayotumika sana ni kwamba waya usizidi asilimia 5 ya ohmu za spika: 0.4 kwa spika ya ohmu 8, na 0.2 kwa ya ohmu 4. Basi 1.5 mm² inakutosha kwa zote mbili, na kwa kawaida inaingia kwenye tundu za kubonyeza. Menya milimita 10, sokota nyuzi vizuri, ingiza, kisha angalia kwa tochi kama kuna uzi uliotoroka.

Jihadhari na alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu, kwa hiyo 1.5 mm² ya aina hiyo, kwa mita zako, inavuka mpaka kwa spika ya ohmu 4. Pia ni mwepesi kukatika ukikunjwa.

Nimenunua amplifaya iliyotumika Ulaya. Nguzo za spika zina tundu la banana, lakini limezibwa kwa plastiki. — Msomaji, Kampala

Plagi ya banana, pini moja ya duara inayowekwa mwishoni mwa waya wa spika, ni milimita 4, na inaweza kuingia kwenye soketi za ukutani za Ulaya zenye matundu ya duara; vizibo ni kinga ya hatari hiyo. Amplifaya ikiwa imechomolewa, zungusha skrubu ndogo ndani ya kizibo, vuta nje. Vifuniko vya nguzo kaza kwa vidole tu, kamwe si koleo: nguzo ikizunguka, waya wake wa ndani unakatika.

Waya wa mwanga (optical) kutoka kwenye runinga hadi amplifaya hautoi sauti, ingawa taa nyekundu inaonekana ndani ya tundu. — Msomaji, Zanzibar

Kwanza angalia ncha zote mbili: kuna kifuniko kidogo cha plastiki angavu ambacho wengi huchomeka nacho. Pili, kichwa kina upande mmoja tu wa kuingilia. Usikilazimishe, maana kijimlango cha tundu huvunjika na vumbi likaingia. Uzi wa ndani ni plastiki ya milimita 1, hivyo acha nafasi ya sentimita 6 nyuma ya runinga usije kukunjwa. Vyote vikiwa sawa, fungua menyu ya sauti ya runinga na uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa, badala ya Dolby, ambayo hubanwa na kuhitaji kufunguliwa. Amplifaya nyingi za stereo hazifungui Dolby, na hukaa kimya ijapokuwa waya ni mzima.