Mtoto wa miaka miwili haongei: masikio kwanza, ulimi baadaye

Dada wa Mwanga, Kigoma, nimesoma swali lako mara mbili. Mtoto wa kiume, miaka 2 na mwezi mmoja, ana maneno kama matano, akitaka kitu anakuvuta mkono. Bibi anamsemesha Kiha, wewe Kiswahili, mchana anashinda na katuni za simu. Jirani anasema akatwe udata, yaani ule uzi wa chini ya ulimi, na waliotangulia kukujibu wanasema watoto wa kiume huchelewa, subiri. Mimi sikushauri usubiri, na wembe nao uache kabisa.

Tuanze na hesabu. Chukua daftari, kwa siku 7 andika kila neno analotamka mwenyewe bila kuambiwa "sema", ilimradi analitumia kwa maana ileile kila mara. "Mma" ya maji ni neno. "Mee" akimwona mbuzi ni neno. Akimwambia bibi "amazi" na wewe "maji", andika yote mawili. Kiha na Kiswahili havigombani kichwani mwa mtoto, na kumzuia bibi asiseme lugha yake ni kumnyang'anya mtoto mtu mwenye muda wa kukaa naye.

Kwa kawaida, mwaka mmoja anabwabwaja "ba-ba-ba, ma-ma-ma" na anaonyesha kitu kwa kidole au kupunga mkono. Mwaka na nusu ana maneno kama 10 hivi. Miaka 2 anakaribia 50 na ameanza kuunga mawili. Hapo Kiswahili kina mtego wake: "sitaki" ni neno moja lenye sentensi nzima ndani, na mtoto huliokota zimazima kama lilivyo. Lihesabu moja. Unachotafuta ni "sitaki uji", "baba kaenda". Kwa maneno matano, wako yuko nyuma vya kutosha kupelekwa aonwe. Wapo wengi wanaokuja kushika wenyewe, ila akiwa na umri huu hakuna anayeweza kukuambia nani atashika na nani hatashika, na kupima hakumdhuru.

Kinachonipa picha zaidi ya idadi ya maneno ni kuelewa. Mwambie "lete kiatu cha baba", mikono yako ikiwa imetulia na macho yako yakimtazama yeye, siyo kiatu. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya: wanasema huku wananyoosha kidole, mtoto anafuata kidole, nyumba nzima inashangilia kwamba anaelewa kila kitu. Mtoto anayeelewa vizuri na kuonyesha kwa ishara nyingi ana matumaini makubwa kuliko yule asiyesema wala kuelewa.

Sasa masikio. "Anasikia, mlango ukipigwa anashtuka" haitoshi. Mlango, ngoma na radi ni sauti nzito. Mtoto anaweza kuzisikia zote huku akikosa s, f, t, k, ambazo ni nyembamba na ndizo zinazotofautisha "paka" na "pata". Nyumbani fanya hivi: redio na simu vimezimwa, mtu mmoja akae mbele amshikishe mtoto kitu kisicho na mlio, wewe simama nyuma yake hatua moja, pembeni kidogo, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii. Mnong'oneze jina lake. Subiri. Baadaye kunja taratibu karatasi ya biskuti, au tikisa punje chache za mchele ndani ya chupa ya plastiki. Fanya upande wa kulia, kisha kushoto. Usipige makofi karibu na sikio, atahisi upepo. Usikanyage kwa kishindo, sakafu itamwambia. Usirudie zaidi ya mara mbili tatu kwa mkupuo, atachoka na kukupuuza. Akigeuka kila mara, ni dalili njema, ila haifuti kipimo cha hospitali. Asipogeuka, hapo huna sababu ya kungoja wiki nyingine.

Je, sikio limewahi kutoa usaha, au anapata mafua mara kwa mara? Nauliza kwa sababu watoto wengi hupata mafua yanayoacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, bila maumivu wala usaha, na kwa wiki kadhaa anakuwa kama anasikia akiwa chini ya maji. Usaha ukiwepo, utengenezee utambi wa kitambaa safi cha pamba kinachonyonya: kisokote kiwe chembamba, kiingize kidogo mlangoni mwa tundu, ngoja kilowe, toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Angalau mara 3 kwa siku. Usitumie njiti, usimwagie mawese ya vuguvugu wala kitu kingine usichopewa na daktari, na asipige mbizi ziwani mpaka lipone. Usaha hata wa siku moja unahitaji kuonwa. Ukifika siku 14 umeshakuwa sugu, na dawa yake ni tofauti.

Udata nitausema kwa ufupi. Ule uzi chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kumsumbua kunyonya au kuharibu baadhi ya sauti, lakini hauzuii maneno kuanza. Mwenye udata anaweza kusema mengi, ila baadhi ya sauti zisitoke vizuri. Wako maneno yenyewe ni machache, hiyo ni habari nyingine. Kukatwa mtaani kunaweza kuleta kutokwa damu na pepopunda, na masikio yanabaki vilevile.

Kuhusu njia ya kwenda: beba kadi ya kliniki na lile daftari, anzia zahanati au kituo cha afya, omba barua ya rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, na uulize siku ya daktari wa masikio, pua na koo kabla hujapanga safari. Ikibidi, wanakuelekeza hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mtoto mdogo kipimo cha kuaminika hufanywa akiwa amelala, anabandikwa vinyaya kichwani na sauti inapelekwa sikioni. Kwa hiyo usimlaze njiani kisha afike yu macho. Mwambie daktari bila kuulizwa kama alizaliwa njiti, kama alikuwa na manjano makali, kama aliwahi kulazwa kwa homa ya uti wa mgongo au malaria kali, na kama alichomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Hayo yote yanaweza kugusa usikivu. Ikithibitika hasikii, siyo mwisho wa njia: kuna vifaa vya kusikia, hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio mwaka 2017 na umri mdogo ndio unaofaa, na hapo jirani Tabora kuna shule ya viziwi tangu 1963. Lugha ya alama haimzuii mtoto kuongea.

Jambo moja lisilosubiri foleni: kama alikuwa na maneno yakapotea, au haitiki jina, hafuati kidole chako, hakuletei kitu ili tu ukione, liseme siku hiyohiyo. Daktari ataangalia pia usonji (autism), hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu.

Wakati unangoja tarehe, nyumbani fanya kazi. Simu iondoke, Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa mwaka mmoja asiangalie kabisa na wa miaka 2 isizidi saa moja kwa siku. Chuchumaa uso wenu uwe sawa. Taja anachokitazama yeye, siyo unachotaka akitazame. Unachambua dagaa, amekuja kuchungulia: "Dagaa. Dagaa wengi." Nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo ukimtazama. Huo ukimya ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu sisi hujaza sisi wenyewe. Akitoa sauti yoyote, ipokee na uongeze neno moja tu: akisema "aga", wewe "dagaa mbichi". Akikuvuta mkono, shika ndizi huku na chungwa huku, uliza "ndizi au chungwa?", ngoja, kisha mpe hata kama amenyoosha kidole tu, ukilitaja jina. Usimfungie chakula mpaka aseme. Atajifunza kwamba maneno ni adhabu. Na acheni ile "sema shikamoo, sema baba, sema!" mbele ya wageni, mtoto hufunga mdomo zaidi.

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha, bibi naye afanye hivyohivyo kwa Kiha. Baada ya miezi 3 rudia daftari la siku 7, na majibu ya masikio ukiyapata yaweke hapa tuyaangalie.