Re: Plasta ya nyumba ya zamani shambani inabanduka, nibomoe?

Habari mkuu. Unasema plasta inabanduka chini ya ukuta kila ukiirudishia. Usibomoe kwanza. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo misimu miwili, kumbe udongo wa nje ulikuwa umepanda kuliko sakafu ya ndani. Niliuchimba, nikachonga mtaro, nikaacha ukuta ukauke miezi kadhaa. Kama ni ukuta wa udongo, achana na saruji, inafungia unyevu; piga chokaa.

Ila kabla ya yote panda darini mchana, utazame mwanga unapopenya, kisha chomachoma mbao za kenchi kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, anza na paa. Ufa unaozidi kupanuka mimi siuwezi, huo muite fundi auone.