Faida ya utafiti wa mazao: majibu kwa wenye haraka

Nimesoma kuwa utafiti wa mahindi chotara Marekani ulirudisha asilimia 700 kwa mwaka. Kweli?
Kweli, ukijua kilichohesabiwa. Mwaka 1958 mchumi Zvi Griliches alijumlisha gharama zote za utafiti ule pamoja na riba hadi 1955, kisha akazipima dhidi ya faida ya kila mwaka kwa jamii nzima. Hapo ndipo 700 inapotoka. Kwa kipimo walichozoea wawekezaji, yaani kiwango cha ndani cha mapato (asilimia ambayo fedha iliyowekezwa huzaa kila mwaka), takwimu zilezile zinatoa asilimia 35 hadi 40. Bado ni nono. Ila alipima zao lililofanikiwa. Tafiti zilizoanguka hazimo humo, nazo zililipiwa. Anayekutajia 700 bila kusema haya ana kitu anakuuzia.

Naweza kupanda tena chotara niliyovuna?
Hapana. Na jibu halitabadilika msimu ujao. Mbegu za mahindi zisizo chotara, kama Staha au TMV-1, ndizo unazoweza kutunza misimu miwili mitatu, ukichagua magunzi ya katikati ya shamba, mbali na chotara ya jirani.

Mavuno yakiongezeka bei inaanguka. Mkulima anapata nini?
Anayewahi mbegu mpya anauza kabla bei haijashuka. Anayechelewa anauza kwa bei ya chini kwa mavuno yaleyale ya zamani. Mnunuzi wa unga anafaidi siku zote, na wakulima wengi wadogo nao hununua unga.

Mbegu mpya ya muhogo imezinduliwa, mbona huku kijijini hatuioni?
Kwa sababu sherehe hulipiwa, kuzalisha pingili hakulipiwi. Piga hesabu: nafasi ya mita 1 kwa 1, ekari inabeba kama mashina 4,000. Shina zuri hutoa pingili 10 hivi za sentimita 20 hadi 25. Basi ekari moja inapanda ekari 10 mwaka wa pili, 100 mwaka wa tatu, 1,000 wa nne. Bajeti ikikatwa mwaka wa tatu, miaka yote ya kuchavusha, kuchagua na kujaribu kanda kwa kanda inaishia ekari 100, na watu watasema watafiti wamelala. Msikimbilie pingili za jirani kwa kuona majani ya juu yamependeza. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huanzia majani ya chini, na husafiri ndani ya pingili. Ng'oa mashina kadhaa, kata mizizi uone kama ina madoa ya kahawia.

Kuna utafiti wa Afrika uliolipa?
Nyigu wa muhogo. Mdudu mweupe kama unga, anayeshambulia muhogo, aliingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akasambaa. Adui yake, nyigu mdogo, alipatikana Paraguay, akaachiwa Nigeria 1981 chini ya Hans Herren wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Makadirio ya 1988 yaliweka faida karibu mara 149 ya gharama, na mkulima hakununua chochote. Anayepulizia muhogo dawa ya kuua kila mdudu anamuua nyigu huyo pia.