Kama Rapa Hajigambi, Atasema Nini?

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa sentensi moja tu 3 Feet High and Rising, albamu ya kwanza ya kundi la Marekani la De La Soul, kuwa ni miongoni mwa kazi zilizokwenda kinyume kabisa na desturi za rap za wakati wake. Wasomaji wa Kanda ya Kati hawakuridhika na sentensi hiyo moja, na barua zao ndizo zilizojaza safu hii.

SWALI: Mwandishi, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tunaandaa albamu yetu ya kwanza ya hip hop hapa Dodoma. Hatuna gari, hatuna mikufu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia jela, kwa hiyo mistari yetu inahusu mambo tunayoyaona mtaani na nyumbani. Prodyuza wetu anasema kwamba albamu isiyo na majigambo haina rap ndani yake. Tumeisikiliza albamu mliyoitaja na tumecheka sana, lakini hatukuona ni kanuni gani iliyovunjwa. Je, kuchekesha ndiko kuvunja kanuni?
Msomaji wa Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Huwezi kuona kilichovunjwa mpaka ujue ni nini kilichokuwa kimesimama. Albamu hiyo ilitoka Machi 1989. Katika miaka iliyoitangulia, Run-DMC na LL Cool J walikuwa wameizoesha dunia sura ya rapa mwenye mnyororo mnene wa dhahabu, mabega yaliyoinuliwa na sauti ya kugomba. Na mwaka 1988 peke yake ulileta hasira ya kisiasa ya Public Enemy kutoka New York na hadithi za bunduki za N.W.A kutoka Compton, California. Watu hao walitofautiana kwa mengi, na sitaki mdhani kwamba nawadharau, kwa kuwa baadhi yao waliandika mistari mizito kuliko yoyote iliyomo katika albamu tunayoizungumzia. Hata hivyo, wote walikubaliana juu ya jambo moja: anayeshika kipaza sauti ni mkubwa kuliko anayemsikiliza.

Hilo ndilo De La Soul walilolikataa. Kelvin Mercer, David Jolicoeur na Vincent Mason walikuwa vijana waliotoka tu katika sekondari moja ya Amityville, mji mdogo katika kisiwa cha Long Island, na hata majina yao ya jukwaani yalikuwa ya kujitania: Jolicoeur alijiita Trugoy, ambalo ukilisoma kinyumenyume ni yogurt, yaani yogati, chakula alichokipenda. Katika wimbo mmoja msimulizi anakutana na mamba, kindi, samaki na nyani, na kila mnyama anampa shauri lake, mtindo ambao mtoto yeyote wa Kitanzania aliyesimuliwa hadithi jioni atautambua bila kufundishwa. Wimbo mwingine unazungumzia mtu anayenuka na kumshauri atumie sabuni. Kuna kipande kifupi, Take It Off, kinachotaja moja baada ya jingine mavazi yaliyokuwa sare ya marapa wa siku hizo, na kwa kila vazi msikilizaji anaamriwa alivue. Video ya Me Myself and I, wimbo wao uliofika kileleni mwa chati ya R&B ya Billboard, inawaonyesha wakiwa wanafunzi katika darasa la kufundishwa urapa, ambamo wenzao waliovalia dhahabu wanawacheka.

Kwa hiyo kicheko kilikuwa chombo chao, lakini hakikuwa lengo. Wasikilizaji wengi huishia kwenye kicheko na kuziruka Ghetto Thang, inayosimulia maisha ya familia maskini bila kumgeuza mtu yeyote kuwa shujaa, na Say No Go, inayohusu dawa ya kulevya ya crack iliyokuwa ikiiteketeza mitaa ya weusi wa Marekani. Nyimbo hizo zinasimuliwa kwa sauti ileile ya utulivu inayotumika katika wimbo wa sabuni. Kwangu mimi huo ndio ujasiri mkubwa zaidi wa albamu hiyo, kwa sababu rapa anayezungumza kwa upole hana mahali pa kujificha mstari wake ukiwa dhaifu.

Upande wa biti nao ulikuwa na uasi wake. Mtayarishaji wao, Prince Paul, naye alikuwa mtu wa Amityville. Wakati wengine wengi walipokuwa wakichota vipande vya ngoma kutoka katika rekodi za James Brown, yeye na vijana wake walichukua Funkadelic, Steely Dan, Hall & Oates, mluzi wa Otis Redding, wimbo wa kufundishia hesabu kutoka katika kipindi cha watoto cha televisheni, na hata sahani ya santuri ya masomo ya Kifaransa. Walichota popote palipowavutia bila kujiuliza kama palikuwa pa rap. Kati ya nyimbo waliingiza vichekesho vifupi vya kuigiza shindano la maswali la televisheni, na tangu hapo vichekesho vya aina hiyo vimekuwa jambo la kawaida katika albamu za hip hop kila mahali. Nitasema wazi kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyochakaa zaidi. Mara ya kwanza unatabasamu, mara ya tatu unatafuta kitufe cha kuruka.

Sasa nije kwa prodyuza wenu, ambaye ana nusu ya haki. Majigambo ni fani kongwe ya fasihi simulizi yetu, nayo haikuletwa na kaseti kutoka Marekani. Mtu aliyerudi salama kutoka vitani au mawindoni alikuwa na kila sababu ya kusimama mbele ya watu na kujitaja. De La Soul wenyewe hawakuyaacha kabisa. Katika Potholes in My Lawn wanalalamika kwamba watu wanawaibia mistari, na malalamiko ya namna hiyo ni majigambo yaliyovaa nguo nyingine. Walichokibadilisha ni kitu cha kujivunia: badala ya mali na ubabe, walijivunia namna yao ya kusema. Kwa hiyo msiondoe majigambo kwa sababu tu albamu moja ya mwaka 1989 iliyapunguza. Chukueni daftari lenu, mkate kila mstari ambao rapa wa Dar es Salaam, Nairobi au Atlanta angeweza kuughani bila kubadilisha neno, kisha mtazame kilichobaki. Kama kilichobaki ni vumbi la Septemba, kodi ya chumba iliyopanda tangu Serikali ihamie hapa, na shangazi anayeuza zabibu kituo cha mabasi, basi albamu mnayo. Kama hakuna kilichobaki, tatizo lenu si majigambo.

Kuna wanaosema kwamba kukaa mbali na Dar es Salaam ni kikwazo kwa msanii wa Dodoma, na wengine husema kinyume, kwamba umbali wenyewe ndio uhuru, wakitoa mfano wa De La Soul kuwa mbali na Bronx, sehemu ya jiji la New York ilikozaliwa hip hop. Mfano huo msiutegemee sana. Long Island hiyohiyo ilitoa pia Public Enemy na rapa Rakim, ambao hawakufanana nao hata kidogo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Jalada la albamu hiyo limejaa maua, na nimesoma kwamba wanamuziki hao waliitwa mahipi, kama wale vijana wa miaka ya sitini waliojipamba kwa maua, na kwamba hawakulipenda jina hilo. Mtu anayejipamba kwa maua analalamikaje akiitwa mtu wa maua?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Swali ni la haki, Mwalimu. Jalada lile la njano lilibuniwa na kundi la wasanii wa Uingereza la Grey Organisation, na ua lililotumika lilikuwa na maana yake: herufi za jina lake kwa Kiingereza, daisy, zilifupisha kaulimbiu ya De La Soul kuhusu sauti iliyo ndani ya mtu. Magazeti yaliona petali tu. Kwa muda mfupi vijana waliokataa sare moja wakajikuta wamevalishwa nyingine, na albamu yao ya pili ya mwaka 1991 ikawajibu wote kwa jina la De La Soul Is Dead na kwa jalada linaloonyesha chungu cha maua hayohayo kikiwa kimepinduka na kuvunjika. Naiona hatua hiyo kuwa ya busara, ingawa iliwagharimu wasikilizaji waliotaka wacheke tena vilevile.

SWALI: Salaam kaka. Sisi tunachanganya hip hop na muziki wa Kigogo. Tuna kanda ya zamani ya redio yenye akina mama wakipiga ngoma ya muheme, na tumekata sekunde nane za zeze kutoka katika rekodi ya marehemu Dkt. Hukwe Zawose. Tunaambiwa muziki wa jadi hauna mwenyewe, na kwamba sekunde nane ni kidogo mno kumsumbua mtu. Ni kweli?
Kijana wa Chamwino

JIBU: Yote mawili si kweli, mdogo wangu, na albamu tuliyoizungumza ndiyo ushahidi. Ndani yake kuna kipande chenye urefu unaozidi dakika moja kidogo tu, ambamo sauti ya sahani ile ya Kifaransa imewekwa juu ya sehemu ya wimbo wa You Showed Me, uliorekodiwa na kundi la The Turtles mwaka 1968. Vipande vingine vingi vya albamu vilikuwa vimeombewa ruhusa, lakini hicho hakikuombewa. Wanamuziki wa The Turtles walishtaki, na shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa malipo. Kisha mwaka 1991 mahakama ya New York ikamhukumu rapa mwingine, Biz Markie, kwa kosa la namna hiyohiyo, na jaji akaifungua hukumu yake kwa amri ya Biblia, "Usiibe". Tangu hapo albamu ya vipande vingi kama ile ya De La Soul ikawa ghali mno kutengenezwa.

Gharama haikuishia hapo. Mikataba ya ruhusa ya miaka ya themanini ilitaja kaseti na sahani tu, kwa kuwa hakuna aliyefikiria intaneti, na kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine albamu haikuwamo katika majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni kwa miaka mingi. Mwaka 2014, Siku ya Wapendanao, De La Soul wenyewe waliamua kuwagawia mashabiki kazi zao bure kwa saa 25. Ni baada ya kampuni ya Reservoir kuinunua lebo ya Tommy Boy mwaka 2021 ndipo mazungumzo yalipofika mwisho, na albamu ikapatikana rasmi mtandaoni tarehe 3 Machi 2023. Trugoy alikuwa amefariki tarehe 12 Februari mwaka huohuo.

Kwa upande wenu, rekodi moja hubeba haki za watu tofauti: aliyetunga, aliyepiga au kuimba, na anayemiliki rekodi yenyewe. Kama sekunde zenu nane zimetoka katika Chibite, albamu ya Zawose ya mwaka 1996, basi ilitolewa na lebo ya Uingereza ya Real World, na mnapaswa kuzungumza nayo pamoja na warithi wa mzee. Kanda ya redio nayo ina kituo kilichoirekodi. Ama kuhusu muziki wa jadi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za sanaa za jadi pia, na mtu anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila anatakiwa kupata kibali. Nendeni kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kwa COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini, kabla ya kutoa chochote, kwa sababu sheria hiyo imefanyiwa marekebisho na wao ndio wanaojua utaratibu wa sasa.

Lakini kwa nini mkate kanda wakati mnaishi Chamwino? Hapo kijijini kuna kituo cha sanaa kinachoandaa tamasha la muziki wa Cigogo, na akina mama wanaopiga muheme, ngoma ikiwa imebanwa kati ya mapaja, hamhitaji kuwatafuta mbali. Waalikeni studio, andikianeni malipo na mgawanyo wa mapato, na majina yao yaonekane pale yalipo yenu. Jambo moja la kiufundi: msiwalazimishe wafuate mapigo ya kompyuta. Warekodini kwanza kwa mwendo wao wenyewe, kisha biti ipangwe kuwafuata wao, hata kama fundi mitambo atanung'unika. X Plastaz wa Arusha, ambao albamu yao Maasai Hip Hop ilitoka mwaka 2004, walimpa nafasi mwimbaji wa Kimaasai aghani kwa lugha yake na kwa namna yake, na ndiyo maana sauti yake haisikiki kama pambo.

SWALI: Nina watoto wa miaka kumi na kumi na miwili. Kwa kuwa mnaisifu albamu hii kwa upole, naweza kuwawekea nyumbani?
Mzazi, Kondoa

JIBU: Sehemu kubwa, ndiyo, na wimbo wa wanyama wataufurahia hata kama Kiingereza chao bado ni kichanga. Hata hivyo, kuna kipande kimoja kifupi, De La Orgee, ambacho ni sauti za chumbani tu, na wimbo wa Buddy una maneno ya mafumbo yanayohusu mambo hayohayo. Viondoe hivyo viwili kwenye orodha kabla hujawasha spika, maana majina yake pekee hayatakuonya kwa wakati.