Mkataba wa duka umeisha, mwenye jengo amenipa siku 14 nihame
Siku 14 hizo hazina nguvu. Hapa Kenya, duka lililokodishwa bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, linalindwa na Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hata mkataba ukiisha. Lazima akupe notisi kwenye fomu rasmi, yenye sababu, miezi 2 au zaidi tangu uipokee. Kupandisha kodi pia ni hivyo hivyo.

Ukiipata, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kwamba hukubali, kisha fungua kesi kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara (Business Premises Rent Tribunal) kabla tarehe ya notisi haijafika. Wengi huangukia hapa: wanajibu, hawafungui kesi, notisi inaanza kutumika. Na kodi usiache kulipa, tena kwa benki au M-Pesa. Malimbikizo ya miezi 2 yanampa sababu halali.