Taka, mchezo na daftari lililofungwa

Swali lenu la wiki hii, "Je, sanaa ya vitu vilivyotupwa inapunguza taka?", limenigusa pabaya. Najua mmeliuliza kwa nia njema. Lakini kila kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, au sanamu ya vifuniko inapotajwa, swali ni hilohilo, na aliyeitengeneza anajikuta anajitetea kwa hesabu za kilo. Mchoraji wa rangi za mafuta haulizwi picha yake imeokoa nini. Mpiga gitaa haulizwi. Ni sisi wa kadibodi, mabaki ya vitambaa na bahasha kuukuu tunaodaiwa cheti cha mazingira kabla ya kuruhusiwa kucheza.

Kama mnataka jibu la kilo, basi ni hapana. Ukurasa wa kitabu chakavu, ukiuacha ulivyo, unaweza kurejelezwa ukawa karatasi tena. Ukishaupaka jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia, ukaubandika kwa gundi ya akriliki na kuunyunyizia unga wa kumetameta, umeuvisha plastiki, maana akriliki ni plastiki, na hauwezi tena kuingia kwenye fungu la karatasi za kurejelezwa. Anayetaka kupunguza taka kwa dhati aanze na anachonunua. Kolaji yangu moja haitamsaidia.

Wala waliotufungulia njia hii hawakuwa wafagiaji. Mchoraji Pablo Picasso alipobandika kwenye picha yake, mwaka 1912, kitambaa kilichochapwa mfano wa msuko wa kiti, kisha akaizungushia kamba badala ya fremu, alikuwa anachezea macho ya mtazamaji: kipi ni kitu chenyewe na kipi ni picha yake? Msanii Mjerumani Kurt Schwitters, kuanzia 1919, aliokota tiketi na vifungashio katika Ujerumani iliyotoka vitani ikiwa vipande vipande, akajenga kitu kipya kwa vipande hivyohivyo. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anabapa vifuniko vya chupa za pombe na kuviunga kwa waya wa shaba mpaka vinaning'inia ukutani kama kitambaa kizito. Vifuniko vile vinabeba historia ya pombe na biashara iliyounganisha Afrika, Ulaya na Amerika. Ukimwita mrejelezaji tu, umemshusha.

Sasa niwasimulie nilichokiona, maana ndicho kilichonikalia kichwani tangu nisome swali lenu.

Kilikuwa kikao cha kolaji cha watu wazima, kila mtu aje na mfuko wa vitu asivyo na kazi navyo. Mwalimu alianza kwa hotuba ndefu kuhusu bahari na plastiki. Jirani yangu mezani, mama wa makamo aliyewahi kuishi kwa cherehani, alisikiliza kwa adabu huku amepakata mfuko wake. Ndani mlikuwa na zipu zilizong'oka meno, vifungo visivyo na wenzake, utepe wa kupimia uliofutika namba, kurasa za daftari alimoandikia vipimo vya wateja, na patani za nguo, zile karatasi nyepesi za rangi ya kahawia zenye mistari ya kukatia. Pembeni aliweka daftari la kuchorea, zito, zuri, likiwa bado kwenye nailoni yake. Alilinunua zamani na hakuwahi kulifungua.

"Nitaliharibu tu, mwanangu," aliniambia.

Muda mrefu hakufanya lolote zaidi ya kupanga vifungo kwa ukubwa. Kisha akakata kipande cha patani, akakilaza juu ya ukurasa wa vipimo, akapitisha brashi yenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Karatasi ikanywa gundi. Ule ukahawia ukafifia mpaka ukawa kama haupo, na mistari ya mkono wa gauni ikabaki inaelea juu ya mwandiko wake mwenyewe.

"Ee! Imekwenda wapi?" Akaigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha kwamba bado ipo.

Akakata kingine, safari hii akakilaza upande, ili mviringo wa kwapa upite juu ya namba za kiuno. Alipojaribu kunyoosha mkunjo, karatasi ikachanika, kwa kuwa ikilowa haina nguvu kabisa. Nilidhani atakasirika. Aliutazama ule mpasuko, akachukua zipu, akaibandika hapohapo upande mmoja tu ili iweze kufunguka, na chini yake akaweka kifungo chekundu. Halafu akagundua ukoko wa rangi kwenye kifuniko cha mkebe. Rangi ya akriliki ikikauka juu ya plastiki laini hubanduka kama ngozi, nzima nzima. Akaubandua taratibu kwa ukucha, akaukata duara, akaubandika karibu na zipu. Kila aliyepita mezani kwetu alilazimishwa kufungua zipu aone kifungo. Alikuwa anacheka kicheko cha mtu aliyesahau kwamba anatazamwa.

Mwalimu alipofika alimpongeza kwa kuviokoa vitu vile visiende jalalani. Mama akamjibu kwa upole kwamba visingekwenda jalalani. Alikuwa amevitunza miaka yote hiyo.

Jibu hilo lingetosha kufunga hoja yangu, na niliketi kuandika nikiwa na nia ya kuishia hapo. Lakini kikao kilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo unanivuta upande wenu. Wakati wengine wanaosha brashi, nilisikia nailoni ikichanwa. Mama alikuwa amefungua lile daftari jipya na anapaka gundi kwenye ukurasa wa kwanza, bila kupima, bila kuuliza.

Taka kubwa ya sisi wapenda sanaa haiko jalalani. Iko kabatini: tyubu za akriliki zilizokauka bila kubanwa hata mara moja, karatasi nzito tunazoziogopa, wino uliogandia chupani. Tunanunua kwa tamaa, kisha tunashindwa kutumia kwa hofu ya kuharibu, na hofu hiyo tunaipoza kwa kununua tena. Ukicheza na zipu mbovu huna cha kuharibu. Mkono ukishazoea kutoogopa, unafungua hata vile vizuri ulivyovificha.

Kwa hiyo naona nibadilishe jibu: ndiyo, inapunguza, ila kwa mlango wa nyuma, na kwa masharti. Haipunguzi kwa mtu anayenunua pakiti ya "vitu vya zamani" vilivyotengenezwa kiwandani juzi. Haipunguzi sana ikiwa kazi yenyewe itaharibika upesi: karatasi ya gazeti hugeuka manjano, selotepu huachia na kuacha doa, na risiti za mashine hufutika kwa joto na mwanga, kwa hiyo anayetaka kazi idumu azipige nakala kwanza kwa mashine ya leza. Na haipunguzi pale mwalimu anapogeuza mchezo kuwa adhabu ya kuokoa dunia, maana watu watakuja siku hiyo moja na hawatarudi. Siwezi kuapa kwamba kila mtu atafungua daftari lake kama yule mama. Wengine wataendelea kununua, nawafahamu.

Lakini mkirudia mada hii, msituulize tumeokoa nini. Tuulizeni tuna nini kabatini ambacho bado kimo kwenye nailoni. Swali hilo nitalijibu siku hiyohiyo.