Kwa kocha anayeanza: usimpime mtoto kwa jeni

Iko siku mzazi atakuletea majibu ya kipimo cha jeni akitaka umwambie kama mwanawe anafaa mbio fupi au ndefu. Mpokee kwa heshima, lakini usimpangie mtoto mbio kwa karatasi ile.

Mara nyingi utakuta imeandikwa ACTN3. Jeni hii inahusika na protini iliyomo kwenye nyuzi za misuli zinazojikaza kwa kasi. Karibu mtu 1 kati ya 5 duniani hana kabisa protini hiyo, na anaishi vizuri tu. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walionyesha kwamba watu wa aina hiyo ni nadra sana miongoni mwa wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi, na tangu hapo ikaitwa jeni ya kasi. Haya, itazame Kenya: wasio na protini hiyo ni takribani asilimia 1. Ingekuwa jeni hii ndiyo inayoamua, Wakenya wangetamba kwenye mita 100, si mbio ndefu.

Urithi una nguvu, tena kubwa. Eero Mäntyranta wa Ufini, mshindi wa dhahabu 3 za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji, alizaliwa na badiliko la jeni moja lililoujaza mwili wake chembe nyekundu za damu. Lakini wengi wa jamaa zake waliokuwa nalo pia hawakuwa mabingwa.

Jambo ninalotaka mlishike zaidi ni hili. Katika utafiti wa HERITAGE wa Marekani na Kanada, watu wasio na mazoea ya mazoezi walifuata programu ileile ya baiskeli kwa wiki 20. Wengine walipanda sana katika uwezo wa kutumia oksijeni, wengine hawakusogea, na watu wa familia moja walielekea kufanana. Kwa hiyo kijana asiyepanda usikimbilie kumwita mvivu. Fungua daftari lake, angalia muda wa kila mzunguko na mapigo ya moyo ya asubuhi, kisha badilisha kitu kimoja: punguza kilomita uongeze kasi, au umpe mapumziko zaidi. Mpe wiki kadhaa, upime tena.

Na kabla hujamwacha mtoto wa miaka 13 kwa sababu anashindwa na wenzake, uliza kwanza nani kati yao ameshabalehe.